Mabaki ya Vita na Simu ya Upepo

Vita vinapokwisha, askari hurudi makwao, bali vyombo vyao hubaki. Mizinga, magari, waya na mitambo ya simu hulundikwa maghalani, na wenye mali hawajui wavifanyie nini. Ndipo huja watu wa amani, wakavitazama na kuuliza, Je, kitu hiki chaweza kutufaa? Swali hilo ni jepesi kuulizwa, lakini jibu lake limewatajirisha wengine na kuwaangamiza wengine. Katika makala haya twataka kueleza habari za kitu kimoja kidogo kilichotoka katika mitambo ya askari baada ya Vita Vikuu vya Pili, kikaingia katika vyumba vya watu wa kawaida na kuzichukua sauti zao kuvuka bahari. Kitu hicho ni transfoma ya modulesheni. Lakini kwanza yatupasa kuanza hapa kwetu, katika ukingo wa Ziwa Nyasa, kwa kuwa pwani hii iliona mapema thamani ya habari inayofika kwa wakati, na iliona pia jinsi chombo kinavyoweza kubadilishwa kazi.

Msomaji aliyepata kufika Liuli anajua lile jiwe kubwa karibu na bandari, ambalo Wadachi walilifananisha na sanamu ya Sphinx ya Misri, wakapaita mahali pale Sphinxhafen. Mwezi wa Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa pale ukingoni ili itengenezwe. Meli hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya kupigana na Waingereza. Fedha zake zilichangwa huko Ujerumani ili iwe chombo cha kuzuia biashara ya watumwa, na kwa miaka mingi ilipita ziwani pamoja na meli za Waingereza bila ugomvi. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, nahodha wa meli ya Kiingereza iitwayo Gwendolen.

Tarehe 4 Agosti Uingereza iliingia vitani na Ujerumani. Upande wa Nyasaland waya wa simu ulikuwa umefika Blantyre tangu mwaka 1895, basi habari ilipokewa upesi, na Rhoades akapewa amri ya kwenda kuiharibu meli ya Wadachi. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ilitokea mbele ya Liuli, ikaanza kupiga mzinga. Risasi nyingi zilikosa, kisha moja ikapata. Berndt hakuwa na habari yoyote ya vita. Alishuka katika mashua, akapiga makasia kumwendea rafiki yake kwa hasira, akamwuliza kama amelewa. Rhoades akamweleza kwamba nchi zao zinapigana, akamchukua mateka.

Watu wengi husimulia kisa hiki kwa kucheka, nacho kweli chachekesha. Lakini tukikitazama vizuri twaona kwamba Berndt hakushindwa kwa uhodari wa mzinga. Alishindwa kwa siku tisa za kutojua. Wadachi walikuwa na vituo vya simu ya upepo Mwanza na Bukoba tangu mwaka 1911, na kingine Dar es Salaam tangu 1913, lakini onyo halikumfikia Liuli. Rhoades aliambiwa, Berndt hakuambiwa. Hiyo ndiyo tofauti yote.

Yaliyofuata yahusu habari yetu pia. Waingereza walirudi Liuli mwezi wa Mei 1915, wakaiharibu meli hiyo kwa baruti ili isitengenezwe tena. Hata hivyo baada ya vita waliitengeneza wao wenyewe, wakaitumia kwa jina jipya la mfalme wao George. Na meli ya misheni, Chauncy Maples, iliyotiwa majini mwaka 1901 kwa kazi ya mafundisho na uuguzi, ilichukuliwa kubeba askari, kisha ikarudi katika kazi za amani. Katika Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen ilizamishwa na Wadachi wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na kuanzia Mei 1927 ikachukua abiria kwa jina la Liemba. Basi kugeuza chombo cha vita kuwa cha amani, au cha amani kuwa cha vita, si jambo geni katika maziwa yetu.

Sasa tuvuke miaka ishirini na mitano. Vita vya mwaka 1939 mpaka 1945 vilikuwa vita vya simu ya upepo kuliko vyote vilivyotangulia. Kila ndege, kila meli, na kila kundi la vifaru lilihitaji kusema na wakubwa wake. Vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma, na baadhi yao walifundishwa kazi ya ishara, wakajua kutumia mitambo ambayo baba zao hawakupata kuiona. Viwanda vya Marekani na Uingereza vilitoa mitambo hiyo kwa maelfu mengi. Vita vilipokwisha ghafula mwaka 1945, mitambo mingi ilikuwa bado mipya ndani ya masanduku yake. Serikali ziliiuza kwa bei ndogo sana, mara nyingine kwa uzito wake kama chuma kikuukuu.

Walioifurahia kuliko wote ni watu wa redio ya ridhaa. Hawa ni watu wanaofanya kazi ya simu ya upepo kwa kuipenda elimu yake, bila mshahara. Kila mmoja hupewa ruhusa na serikali pamoja na herufi zake za kuitwa. Zamani mtu wa Tanganyika alianza kuitwa kwa VQ3, wa Kenya VQ4, wa Uganda VQ5, wa Unguja VQ1, na ng'ambo ya ziwa letu, Nyasaland, ZD6. Siku hizi Tanzania ina 5H. Wakati wa vita walinyamazishwa: Waingereza tangu Septemba 1939, Wamarekani tangu Desemba 1941. Waliporuhusiwa tena, mwisho wa mwaka 1945 na mwanzo wa 1946, mifuko yao ilikuwa mitupu, lakini maduka ya Lisle Street mjini London na Cortlandt Street mjini New York yalijaa mabaki ya jeshi.

Ili tujue walichokuwa wakikitafuta, hatuna budi kueleza kidogo jinsi sauti inavyosafiri. Tazama mawimbi ya ziwa wakati wa upepo wa mwera. Yanafuatana sawasawa, moja baada ya jingine. Upepo ukizidi, mawimbi hukua, ukipungua, hushuka. Mtu aliyesimama pwani aweza kujua nguvu ya upepo uliovuma mbali kwa kuyatazama mawimbi tu. Hivyo ndivyo ilivyo njia ya zamani ya kupeleka sauti, iitwayo AM. Mtambo hutoa mawimbi ya redio yaliyo sawa. Sauti ya msemaji huyafanya yakue na kushuka. Na redio ya msikilizaji, kama yule mtu wa pwani, husoma kukua na kushuka huko na kukurudisha kuwa sauti.

Kazi ya kuyafanya mawimbi yakue na kushuka ni ya transfoma ya modulesheni. Kwa sura ni kitu kizito cha mabati membamba ya chuma yaliyopangwa pamoja, na juu yake nyaya za shaba zilizozungushwa makundi mawili. Kundi moja hupokea sauti kutoka kwa valvu mbili zinazopokezana, moja ikivuta na nyingine ikisukuma. Kundi la pili limewekwa katika njia ya umeme unaoilisha valvu ya mwisho ya mtambo. Sauti ikipanda, volti za valvu hiyo huongezeka; ikishuka, hupungua; na mawimbi hufuata.

Twaweza kuonyesha kwa hesabu. Tuseme valvu ya mwisho inalishwa volti 600 na miliampea 150. Hizo ni wati 90. Kuijaza sauti kamili kwahitaji nusu yake, yaani wati 45 za sauti. Wakati sauti inapofika kileleni, volti 600 huwa 1,200, na nguvu ya wimbi huwa mara nne ya ilivyokuwa kimya. Tena, ukigawanya volti 600 kwa ampea 0.15, wapata ukinzani wa omu 4,000. Kama valvu za sauti zinataka kuona omu 8,000, basi transfoma haina budi kuwa na mizunguko 141 upande wao kwa kila mizunguko 100 ya upande wa pili. Ikikosea sana, sauti hukwaruza na valvu huchoka.

Sasa msomaji ataelewa kwa nini kitu hiki kilikuwa ghali. Valvu yaweza kununuliwa moja moja, na waya wa kawaida huzungushwa kwa mkono. Lakini transfoma kubwa ya sauti yataka chuma chema, shaba nyingi, karatasi ya kukinga umeme, na fundi stadi. Kabla ya vita kijana mwenye mshahara mdogo aliweza kupeleka ishara za Morse tu, kwa sababu Morse haihitaji transfoma hiyo. Kusema kwa sauti yake mwenyewe kulikuwa kwa wenye mali. Mabaki ya vita yalimfungulia mlango. Jeshi lilikuwa limekwisha kulipa gharama. Tena transfoma nyingi za jeshi zilikuwa imara kuliko za dukani, zimefungwa ndani ya bati na kujazwa lami au mafuta, ili unyevu wa misitu na chumvi ya bahari visiziharibu.

Mfano mmoja wapendeza sana. Kampuni ya Hallicrafters ya Chicago ilikuwa imetengeneza kabla ya vita mtambo ulioitwa HT-4, kwa ajili ya watu wa redio ya ridhaa. Jeshi la Marekani liliuona, likaupenda, likautia katika magari yake kwa jina la BC-610. Vita vilipokwisha, mitambo hiyo na transfoma zake ilirudi mikononi mwa wale wale waliokusudiwa mwanzo. Mwingine ni AN/ART-13 wa kampuni ya Collins, uliokuwa ndani ya ndege kubwa za vita. Huo ulitumia valvu mbili za 811 kwa sauti na valvu moja ya 813 kwa mawimbi, na wengi waliutoa ndani ya sanduku lake na kuujenga upya kwa matumizi ya nyumbani.

Lakini si kila aliyenunua alifaulu, na hapa ndipo penye fundisho kubwa. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya vita kinabeba ndani yake makusudi ya vita. Mtambo wa ndege haukujali uzuri wa sauti. Ulitaka maneno ya rubani yasikike katika kelele za injini. Kwa hiyo ulipitisha zaidi sauti za kati, tangu mitetemo 300 hata 3,000 kwa sekunde, ukaziacha sauti nene na sauti nyembamba. Kwa amri ya vita wafaa. Kwa wimbo haufai. Tena transfoma za nguvu za ndege nyingi zilifanywa kwa umeme wa mizunguko 400 kwa sekunde, kusudi ziwe nyepesi. Ukiitia katika umeme wa mji wenye mizunguko 50, chuma chake hakitoshi. Hupata moto na kuungua. Aliyesoma bei peke yake alinunua moshi.

Basi mafundi wenye busara walikuwa na desturi zao. Kwanza walisafisha na kukausha kwa joto la polepole, kwa sababu unyevu ni adui wa karatasi. Pili walipima kama umeme wavuja kati ya nyaya na bati. Tatu walipima mizunguko bila kufungua kitu: walitia volti 6.3, zile za kuwashia nyuzi za valvu, upande mmoja, wakasoma upande wa pili. Ikionyesha karibu volti 4.5, walijua kwamba ni ile hesabu ya 141 kwa 100. Nne waliangalia kama chuma chaweza kuvumilia umeme wa njia moja unaopita bila kukoma katika kundi la pili. Kama hakiwezi, waliupitisha umeme huo katika koili nyingine nzito, na kuiachia transfoma sauti tu kwa njia ya kapasita. Mwisho, hawakupiga sauti katika transfoma isiyo na mzigo, maana hapo volti huruka juu sana, zikatoboa karatasi, na kazi yote ikapotea kwa cheche moja.

Mtu aweza kusema, Haya ni mambo ya mafundi wa ng'ambo, yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwa kuwa katika miaka ile ile, katika jimbo lile lile la Kusini ambalo Songea na Mbinga zilikuwa ndani yake, mabaki ya vita yaliletwa kwa wingi, wala hayakupimwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikitumaini kufyeka zaidi ya eka milioni tatu. Trekta mpya hazikupatikana, basi walinunua mashine kuukuu za jeshi zilizoachwa Ufilipino na kwingineko. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick.

Wazo lilikuwa lile lile la mafundi wa redio: jeshi limekwisha kulipa, sisi tutumie. Lakini kipimo kilikosekana. Mashine nyingi zilifika zimechoka, na vipuri havikuwapo. Mizizi ya vichaka vya Kongwa ilizivunja, na udongo wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama tofali. Chombo kilichoundwa kupita juu ya nchi na kuiacha nyuma hakikuwa tayari kukaa shambani mwaka baada ya mwaka. Haraka haraka haina baraka. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36. Kilichobaki chenye faida ni kile kilichojengwa kwa ajili ya mahali penyewe, kama bandari ya Mtwara, inayotumika hata leo.

Tukiyaweka mambo haya mawili pamoja, twaona kwamba mabaki ya vita si baraka wala si laana. Fundi maskini mwenye kipimo cha mkono alipata sauti yake kwa shilingi chache. Serikali yenye mamilioni ilipoteza yote. Wa kwanza aliuliza, Kitu hiki kilifanywa kwa kazi gani, nami nataka kazi gani? Wa pili hakungojea jibu.

Wakati huo sauti za redio zilikuwa zimeanza kuwafikia watu wa kwetu. Kituo cha Lusaka, kilichoanzishwa wakati wa vita mwaka 1941, kilisema kwa lugha za Waafrika, Kinyanja kikiwa kimojawapo. Na mwaka 1949 ilitokea redio ya bei nafuu ya betri, yenye umbo la sufuria, iliyoanza kuuzwa kwa pauni tano. Dar es Salaam ilipata kituo chake mwaka 1951. Vituo hivyo vilitumia njia ile ile ya AM tuliyoieleza.

Lakini katika redio ya ridhaa AM haikudumu kuwa mfalme. Hata sauti ikijaa kabisa, theluthi mbili za nguvu hukaa katika wimbi linalobeba, ambalo lenyewe halisemi neno. Basi katika miaka ya 1950 na 1960 wengi walihamia njia mpya iliyoliondoa wimbi hilo na kupeleka upande mmoja wa sauti tu. Transfoma za modulesheni zikawa mabaki kwa mara ya pili, safari hii mabaki ya amani. Hata hivyo wako watu katika nchi mbalimbali ambao mpaka leo huzitunza, huzipima, na kusema kwa AM, kwa sababu sauti yake ni nene na ya kupendeza, na kwa sababu mtambo wake waweza kueleweka na kutengenezwa na mtu mmoja mezani pake.

Wazee wa Umatengo wana mfano wao wa jambo hili, nao ni mzuri kuliko wetu. Katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasukuma watu wakabanana katika miteremko mikali ya milima ya Mbinga. Pale walikuza kilimo cha ngoro: hukata majani, huyapanga kwa mistari inayokatana, hufukia kwa udongo unaotoka katikati, na shimo linalobaki huyazuia maji ya mvua. Majani yaliyokuwa takataka huoza na kuwa chakula cha mahindi na maharage. Kimbilio la vita likawa shamba, nalo linalisha watu mpaka sasa. Lakini ngoro haitengenezwi kwa kubahatisha; mkulima huutazama mteremko kwanza, ndipo apange majani yake.

Siku hizi vyombo vilivyotumika vyaingia nchini mwetu kila siku kutoka ng'ambo: injini, betri, mitambo ya umeme, redio na simu. Bei zake zavutia, na wengine watavidharau kwa sababu ni vikuukuu. Sisi twasema visidharauliwe wala visipokewe kwa macho ya bei peke yake. Wanafunzi wetu na wafundishwe kushika kipimo kabla ya kushika fedha, na kukiuliza kila chombo kilikotoka na kazi iliyokizaa. Atakayejua kuuliza hivyo hatangoja mpaka mzinga ulie ndipo apate habari.